Kutoka Meza ya Nyumbani hadi Kambi ya Jeshi: Njia ya Kijana wa Malindi na Kilifi

Kuandikishwa jeshini kwa kijana aliyesomeshwa nyumbani ndiyo mada ya mhadhara huu.

Shabaha ya mhadhara ni kuonyesha jambo moja. Majeshi ya Ulinzi ya Kenya, yaani KDF, hayamwulizi kijana alisomea chini ya paa gani. Yanamwuliza ana vyeti gani. Aliyesomea nyumbani akikosa nafasi, mara nyingi hakukosa akili wala nguvu, bali alikosa karatasi ambayo ilipaswa kuanza kuandaliwa miaka mingi kabla ya siku ya usajili. Hoja sita zitafuatana: sura za elimu ya nyumbani na msimamo wa sheria, masharti ya jeshi, mfuatano wa vyeti, historia ya elimu ndani ya jeshi, yale ambayo nyumba humpa kijana na yale inayomnyima, na mabadiliko ya mtaala ambayo yatagusa kila anayesoma nje ya shule.

1. Kusoma nyumbani kuna sura nyingi, lakini sheria ni moja

Elimu ya nyumbani ikitajwa, wengi hufikiria familia yenye uwezo inayoagiza vitabu vya Cambridge, au vya ACE, mfumo wa Kikristo uliotoka Marekani, kisha mzazi au mwalimu wa kukodiwa akaketi na mtoto asubuhi hadi mchana. Familia za namna hiyo zipo Kenya, lakini si hizo peke yake. Yupo mtoto aliyelelewa katika madrasa, akahifadhi Kurani, akafundishwa hesabu na Kiingereza na kaka yake. Yupo wa bara ya Ganze au Magarini ambaye shule ilikuwa mbali au karo ilikatika, akaendelea kusoma kwa vitabu vya kuazima. Yupo aliyewekwa nyumbani kwa sababu ya maradhi, au kwa kuwa yeye ndiye aliyebaki kumtunza bibi.

Wazazi watakumbuka pia mwaka 2020. Shule zilifungwa Machi kwa sababu ya korona, madarasa ya mitihani yakarudi Oktoba, na wengine wote wakarudi Januari 2021. Kwa miezi hiyo nyumba za Kenya ziligeuzwa madarasa, na tofauti kati ya nyumba na nyumba ikaonekana. Palipokuwa na redio, simu yenye bando na mtu mzima wa kusimamia, mtoto alisonga mbele. Palipokosekana hayo, alisahau hata alichokijua. Waliokuwa na miaka kumi na miwili wakati huo ndio wanaoingia sasa katika umri wa kuandikishwa jeshini.

Sheria haitenganishi sura hizi. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtwika mzazi wajibu wa kumwandikisha mtoto shuleni na kuhakikisha anahudhuria, na inamwekea adhabu asiyetimiza. Ombi lililofikishwa Mahakama Kuu mwaka 2019, likitaka vifungu hivyo vitangazwe kuwa kinyume cha Katiba kwa sababu vinamnyima mzazi uhuru wa kufundishia nyumbani, lilikataliwa. Kwa hiyo mzazi wa Kenya anayemsomesha mtoto nyumbani hana sheria inayomtambua. Ni heri alijue hilo mapema kuliko kulijua mbele ya hakimu.

Katika kaunti ya Kilifi jambo hilo lina uzito wa pekee. Aprili 2023 makaburi ya msitu wa Shakahola yalianza kufukuliwa, na miili zaidi ya 400 ikatolewa, mingi ikiwa ya watoto. Walikuwa wa jamii ya waumini waliofundishwa kuiona shule kuwa uovu na kuwatoa watoto wao madarasani. Baada ya msiba huo, chifu au ofisa wa elimu anayesikia kwamba mtoto hasomi shuleni ana haki ya kufika mlangoni na kuuliza. Mzazi mwenye nia njema hana sababu ya kuchukia ziara hiyo. Kumsomesha mtoto nyumbani na kumficha mtoto na elimu ni mambo mawili yasiyokutana, na mwenye madaftari, ratiba na matokeo ya mitihani huonyesha tofauti hiyo bila shida.

2. Masharti ya jeshi yanajulikana

KDF ni nguzo tatu: Jeshi la Nchi Kavu, Jeshi la Wanahewa na Jeshi la Wanamaji. Nafasi hutangazwa magazetini na kwenye tovuti ya Wizara ya Ulinzi, na makurutu huchujwa katika viwanja vya kaunti ndogo mbalimbali nchini. Masharti ya jumla hayajabadilika sana kwa miaka ya karibuni. Mwombaji awe raia wa Kenya mwenye kitambulisho, asiwe na rekodi ya uhalifu, na awe na afya kamili. Kurutu wa kawaida awe na umri wa kati ya miaka 18 na 26. Kimo kisipungue mita 1.60, na uzito usipungue kilo 54.55 kwa mwanamume na kilo 50 kwa mwanamke. Mwanamke asiwe mjamzito wakati wa kuandikishwa wala wakati wa mafunzo.

Upande wa masomo una ngazi. Kurutu wa kawaida hutakiwa awe na alama ya jumla ya D au zaidi katika mtihani wa kidato cha nne, KCSE. Fundi, kama vile makanika, seremala au fundi wa umeme, hutakiwa D+ pamoja na cheti cha ufundi wake. Anayetaka kuwa ofisa kadeti hutakiwa alama ya B, na ndani yake C+ katika Kiingereza, hisabati na somo moja la sayansi. Makurutu hufunzwa Eldoret, na makadeti hufunzwa katika chuo cha kijeshi cha Lanet, Nakuru.

Siku ya usajili hufanana kila mahali. Vijana hufika alfajiri na bahasha za kaki mkononi. Hukimbizwa kwanza, na wengi hubaki nyuma hapo hapo. Waliosalia hupangwa foleni wakiwa kifua wazi na kaptura, wasichana wakiwa na safu yao. Kimo hupimwa bila viatu. Ofisa wa afya huangalia meno, macho, makovu na nyayo. Mwenye nyayo bapa huambiwa atoke. Kisha ipo meza ya vyeti. Kijana aliyekimbia vizuri na mwili wake ukakubaliwa hufika pale, akafungua bahasha, na ofisa akatafuta hati ya KCSE. Ikiwa haimo, safari imeishia hapo. Barua ya mzazi haitasomwa, daftari la kazi za nyumbani halitafunguliwa, na ofisa hana mamlaka ya kuamua vinginevyo hata akimwonea huruma.

Kuandikishwa ni bure. Hilo lirudiwe kwa sauti, kwa sababu kila mwaka familia huuza mbuzi au kipande cha shamba ili kumlipa mtu anayedai kujuana na mkubwa fulani. Vijana hufika kambini Eldoret na barua za mwaliko za kughushi, wakakamatwa pale langoni. Chini ya Sheria ya Hongo ya 2016, aliyetoa na aliyepokea wote wana kosa. Kijana asiye na cheti ndiye windo rahisi zaidi la matapeli hao, maana anaambiwa kwamba pesa zitajaza pengo la karatasi. Hazijazi.

3. Vyeti hufuatana, na kimoja kikikosekana vingine husimama

Cheti cha kidato cha nne hakijitegemei. Nyuma yake kuna cheti cha kuzaliwa, na mbele yake kuna kitambulisho. Bila cheti cha kuzaliwa mtoto hupata taabu kusajiliwa kwa mitihani, na bila kitambulisho kijana wa miaka 18 hawezi kusimama kwenye foleni ya usajili. Katika Pwani hili si jambo la nadharia. Wapemba walioishi Kilifi na Kwale kwa vizazi, wakivua katika maji haya haya, walikaa miaka mingi bila kutambuliwa kuwa Wakenya, na watoto wao wakakwama katika masomo kwa kukosa hati. Serikali iliwatambua kuwa kabila la Kenya mwaka 2023. Familia iliyochelewa kuandikisha uzazi, iwe ya Mpemba, Mgiriama au Mswahili, ina kazi ya kufanya kabla ya kufikiria kambi.

Kwa aliyesoma nje ya shule, njia ya kufikia KCSE imekuwa ile ya mtahiniwa binafsi. Baraza la Kitaifa la Mitihani, KNEC, huwasajili watahiniwa hao katika vituo maalumu, na ofisi ya elimu ya kaunti ndogo ndiyo mahali pa kwanza pa kuulizia. Usajili kwa kawaida hufanyika katika miezi ya kwanza ya mwaka, ilhali mtihani wenyewe huja Oktoba na Novemba. Anayekumbuka Juni amekwisha chelewa mwaka mzima.

Mambo matatu huwaangusha watahiniwa hawa. La kwanza ni cheti cha nyuma. Kwa miaka mingi anayejiandikisha KCSE alitakiwa aonyeshe cheti cha KCPE, mtihani wa darasa la nane, au kinacholingana nacho, cha angalau miaka minne kabla. Aliyekaa nyumbani tangu utotoni bila kufanya mtihani huo hujikuta hana ngazi ya kukanyaga.

La pili ni idadi ya masomo. Ili mtahiniwa apate alama ya jumla, lazima afanye masomo yasiyopungua saba, na Kiingereza, Kiswahili na hisabati ni ya lazima. Mtu anaweza kujisajili kwa masomo mawili au matatu, akafaulu vizuri, lakini hati yake haitakuwa na alama ya jumla, na jeshi linaitaka hiyo.

La tatu ni sayansi. Kemia, fizikia na biolojia zina sehemu ya vitendo. Kijana anaweza kuusoma mfumo wa mmeng'enyo wa chakula katika kitabu akiwa nyumbani Marafa, lakini kupima asidi kwa bureti au kukata kipande cha mmea kwa wembe na kukitazama kwa hadubini kunahitaji maabara. Familia inayosomesha nyumbani sharti ipatane na shule ya jirani, au na kituo cha mafunzo ya watu wazima, ili mtoto aingie maabara walau mara chache kabla ya mtihani.

Wenye vyeti vya kigeni wana kazi ya ziada. Cheti cha Cambridge au cha mfumo wa ACE ni lazima kilinganishwe rasmi na vya Kenya kabla ya taasisi ya umma kukipokea. Shughuli hiyo huchukua muda na huhitaji nakala halisi. Anayengoja hadi tangazo la jeshi litoke ndipo aanze kuulizia, tangazo litapita na umri utapita pia. Samaki mkunje angali mbichi.

4. Jeshi liliwahi kuwa mwalimu kabla ya kuwa mpokeaji wa vyeti

Historia ya Kilifi na jeshi haikuanza kwa hiari. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola waliwaapisha Wagiriama wasikubali kodi na kazi ya lazima. Agosti 1914, vita vilipozuka Ulaya na serikali ya kikoloni ikitaka vijana wa kubeba mizigo, Kaya Fungo, kaya takatifu ya Wagiriama, ililipuliwa kwa baruti na mapigano yakaanza. Askari wa King's African Rifles, KAR, waliletwa, na nyumba zikachomwa. Kwa wazee wa enzi hiyo, askari alikuwa mtu anayekuja kuchukua vijana. Kumbukumbu hiyo ilidumu, na anayewahimiza vijana wa leo kujiunga na jeshi anapaswa kuijua.

KAR ile haikudai shule. Ilitazama kifua, miguu na utii. Mambo yalibadilika katika Vita vya Pili vya Dunia, ambapo zaidi ya watu 300,000 wa Afrika Mashariki walitumikia. Vita vya magari, redio na mizinga vilihitaji askari anayesoma ramani, anayeandika ujumbe na kufuata maagizo ya maandishi. Ndipo kikaundwa kikosi cha elimu cha jeshi la Afrika Mashariki. Walimu wake wa Kiafrika waliandaliwa katika Jeanes School, Kabete, kisha wakapelekwa vikosini kufundisha kusoma na kuandika Kiswahili, hesabu na habari za dunia. Mtu aliyetoka kijijini bila kuijua herufi alirudi akisoma gazeti. Jeshi lilikuwa shule ya watu wazima waliokosa shule.

Leo mambo yamegeuka: jeshi linataka kijana afike akiwa amekwisha soma. Sababu si kuipenda karatasi tu. Rada, mitambo ya mawasiliano, injini za meli na sheria za vita hufundishwa kwa haraka na kwa maandishi, na chuo cha makurutu hakina muda wa kuanza na jedwali la kuzidisha. Kuna sababu ya pili, ambayo Marekani imeichunguza kwa undani. Kule imeonekana kwa miaka mingi kwamba takribani asilimia 80 ya askari wenye cheti cha sekondari humaliza miaka mitatu ya kwanza ya utumishi, ilhali walioacha shule humaliza karibu nusu tu. Kwa jicho la jeshi, cheti ni ushahidi kwamba mtu alianza jambo refu na akalimaliza.

Kwa sababu hiyo Marekani iliwaweka waliosomeshwa nyumbani katika daraja la pili kwa muda mrefu, pamoja na wasio na cheti cha kawaida cha shule. Mwaka 1998 Bunge lake liliidhinisha jaribio la miaka mitano la kuwapokea kama wahitimu wa shule. Sheria ya ulinzi ya mwaka wa fedha 2012 ikaagiza wahesabiwe sawa na wenzao, maadamu wamehitimu kwa mujibu wa sheria za jimbo lao. Mfano huo una fundisho kwa Kenya, ingawa sheria za nchi mbili hazifanani. Hakuna aliyewaambia makamanda wa Marekani wapunguze kipimo. Walioambiwa wabadilike ni waliokuwa wakikadiria thamani ya elimu kwa kuangalia mahali ilipotolewa, na familia zikatakiwa zilete uthibitisho ambao mtu wa nje anaweza kuupima.

5. Nyumba humpa kijana mengi, na mengine humnyima

Aliyesoma nyumbani vizuri ana tabia ambazo mkufunzi wa jeshi huzipenda. Amezoea kufuata ratiba bila kengele. Amejifunza kusoma ukurasa mgumu peke yake hadi aufahamu. Amekaa na watu wazima, akafanya kazi nao, akajua kuagizwa na kurudisha jibu. Kwa kijana wa pwani kuna ziada. Aliyekulia Mayungu au Mida, akaenda na baba yake baharini, anajua kupwa na kujaa kwa maji, anajua upepo wa kusi na wa kaskazi, na anaogelea tangu utotoni. Jeshi la Wanamaji, lililoundwa Desemba 1964 na lenye makao yake Mtongwe, Mombasa, linafanya kazi yake katika bahari hiyo hiyo.

Wala si jeshi la kukaa pembeni. Jenerali Joseph Kibwana, ofisa wa wanamaji, aliongoza majeshi yote ya Kenya kuanzia 2000 hadi 2005. Jenerali Samson Mwathethe, mwana wa Pwani na mwanamaji pia, akayaongoza kuanzia 2015 hadi 2020. Jenerali Charles Kahariri, aliyeteuliwa 2024, naye alitoka wanamaji. Na Katiba, katika Ibara ya 241, inaagiza uongozi wa majeshi uakisi sura ya maeneo na makabila yote ya nchi. Agizo hilo halitatimia kama vijana wa kaunti za pwani hawafiki kwenye meza ya vyeti wakiwa wamekamilika.

Hata hivyo nyumba ina upungufu wake. Kambini kijana hulala katika bweni la watu wengi kutoka Turkana, Kisii, Wajir na Nyeri. Hupewa amri na mtu asiyemjua, kwa sauti asiyoizoea, na hatakiwi kuuliza kwa nini. Kwa kosa la mmoja huadhibiwa kundi zima. Aliyefundishwa na mama yake kwa upole miaka kumi na miwili anaweza kuwa bingwa wa hesabu na bado akavunjika moyo katika wiki ya kwanza.

Upungufu huo hutibika mapema. Timu ya mpira ya mtaa humfundisha kijana kushindwa pamoja na wenzake. Skauti humzoesha sare, gwaride na kulala nje. Mpango wa Tuzo ya Rais, ulioanzishwa 1966, hupokea vijana wa kuanzia miaka 14 na kuwapa kazi ya kujitolea, ujuzi, mazoezi na safari za miguu, na mlango wake haukuwekwa kwa wanafunzi wa shule peke yao. Kukimbia ufukoni alfajiri hakuhitaji ada. Kiswahili na Kiingereza vizungumzwe na watu wa nje ya ukoo, ili kijana ajifunze kujieleza mbele ya mgeni bila kuinamisha macho.

Wazazi pia waambiwe ukweli wote. Jeshi ni kazi yenye mshahara na heshima, lakini ni kazi ya vita. KDF iliingia Somalia Oktoba 2011, na 15 Januari 2016 kambi yake ya El Adde huko ilivamiwa na Wakenya wengi wakauawa. Familia nyingi za Kenya zilipokea majeneza. Kijana anayejiunga kwa kuwa tu amekosa kazi nyingine, bila kuyatafakari haya na wazazi wake, hajajiandaa. Mazungumzo hayo ni sehemu ya elimu ya nyumbani, na hakuna mtihani wa taifa unaoyachukulia nafasi.

6. Mtaala mpya utaubana mlango wa mtahiniwa binafsi usipotunzwa

Hoja ya mwisho inahitaji usikivu wa maofisa wa elimu waliohudhuria. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. KCSE umepangwa kufanywa kwa mara ya mwisho na wanafunzi wa mfumo wa zamani mwaka 2027. Mahali pa mfumo huo panachukuliwa na mtaala wa umilisi, wenye tathmini ya KPSEA katika gredi ya sita, ya KJSEA katika gredi ya tisa, iliyofanywa kwa mara ya kwanza 2025, na ile ya mwisho wa shule ya upili katika gredi ya kumi na mbili.

Tofauti kubwa haimo katika majina. Katika mfumo wa zamani mtu aliweza kujisomea miaka mingi, akaja siku ya mtihani, akapimwa kwa alichoandika siku hiyo. Katika mfumo mpya, alama za gredi ya tisa hukusanywa kwa vipande: asilimia 60 hutoka katika mtihani wenyewe, asilimia 20 katika KPSEA, na asilimia 20 katika kazi zilizopimwa shuleni katika gredi ya saba na ya nane. Alama za shuleni hupelekwa KNEC na shule. Mtoto asiye na shule hana wa kumpelekea alama hizo. Kwa maneno mengine, aliyekaa nje ya shule miaka mitatu hatakosa tu mtihani mmoja; atakosa alama ambazo haziwezi kupatikana tena baadaye.

Hili ndilo linalofanya suala la leo kuwa la haraka. Mtoto wa miaka kumi anayesomeshwa nyumbani Watamu au Bamba hivi sasa, kama atataka jeshi atakapofika miaka 18, hatatumia njia aliyoitumia binamu yake. Sharti la D katika KCSE litalazimika kuandikwa upya kwa lugha ya mtaala mpya, na ni wakati wa kuandikwa huko ambapo watu wa nje ya shule huweza kukumbukwa au kusahauliwa.

Mambo ya kufanywa kuanzia sasa

Kazi iliyo mbele inagawanyika kwa wanne. Mzazi anayesomesha nyumbani amwandikishe mtoto katika shule iliyosajiliwa ya jirani na akubaliane nayo jinsi atakavyopimwa, ili sheria itimizwe na alama zake zifike KNEC. Ahifadhi cheti cha kuzaliwa, kazi za mtoto na matokeo yake katika jalada moja, na aende ofisi ya elimu ya kaunti ndogo mwanzo wa mwaka, si mwisho wake. Kijana aliyekwisha fika umri wa utu uzima bila KCSE asajiliwe kuwa mtahiniwa binafsi kabla mfumo wa zamani haujafungwa, kwa masomo saba kamili.

Walimu wakuu wafungue maabara zao kwa watahiniwa wa nje siku za Jumamosi. Vifaa vilivyokaa kabatini hadi Jumatatu vinaweza kumsaidia mtoto wa kijiji cha pili.

KNEC na Wizara ya Elimu watangaze kwa Kiswahili chepesi, na katika redio za pwani, njia ambayo mwanafunzi wa nje ya shule ataifuata katika mtaala wa umilisi: atapimwa wapi kazi za vitendo, nani atapeleka alama zake, na aliyekosa gredi ya sita atarudi vipi. Njia hiyo iwe tayari kabla ya kundi la kwanza kumaliza gredi ya kumi na mbili.

Na KDF, inapoandika masharti mapya, itaje waziwazi vyeti vinavyolingana na kile cha shule, na itume maofisa wake Kilifi kuyaeleza kabla ya siku ya usajili, katika baraza za machifu, misikitini na makanisani. Kijana wa Ganze akijua sharti akiwa na miaka 14 ana muda wa kulitimiza. Kipimo kibaki pale pale kilipo kwa wote, na kila mtoto wa pwani hii, popote aliposomea, apewe nafasi ya kusimama mbele yake akiwa na hati zake mkononi.